Leseni ya Mama Zege Ingali Hai

Siku mke wangu alipofariki nilirudi nyumbani na mkoba wake. Asubuhi alilalamika kichwa, akanywa maji, akafunga kamba za buti zake za kazi, akaniambia, "Leo mchana usinisubiri." Halafu akakaa tena kitandani kama mtu aliyesahau kitu. Hospitali walisema ni presha. Nilisimama kwenye korido yao na tepu ya kupimia shingoni, maana mimi ni fundi cherehani, na tepu ile huisahau shingoni hata nikienda kuoga.

Nilipoweka mkoba mezani, simu yake ikaita ndani. Aliyepiga alikuwa muuza vifaa vya ujenzi.

"Mkandarasi yupo?"

"Hayupo," nikasema.

"Ametoka?"

"Ametoka."

"Akirudi mwambie nondo zimefika."

"Nitamwambia."

Msinicheke. Au chekeni tu. Nilichukua chaki ya kushonea, nikaenda kwenye ukuta wa jikoni ambapo siku zote nilikuwa nikimwandikia salamu za wateja, nikaandika: NONDO ZIMEFIKA. Nilipomaliza nikaona nimeandika kwa herufi kubwa. Ni kwa sababu alikuwa hapendi kuvaa miwani.

Mke wangu alikuwa mkandarasi wa nyumba za kuishi. Mafundi wako wengi, na wengine ni hodari, lakini yeye alikuwa amefanya mtihani wa bodi ya makandarasi, akapewa leseni yenye namba, na picha yake amekunja uso kama mtu aliyerukiwa kwenye foleni. Hatukujaliwa watoto. Watu wakamwita Mama Zege, naye akalipokea jina hilo bila kinyongo. Alisema zege nalo ni mtoto: usipolinywesha maji likiwa changa, ukubwani litakuaibisha.

Wateja wapya walikuwa wakinisalimia mimi kwanza. "Habari za kazi, mkandarasi?" wananiuliza mimi, mtu ambaye nikipigilia msumari majirani hutoka nje kuona nani kaumia. Nami nawaonyesha uani: "Mkandarasi ni yule anayeanika nguo." Wengine walidhani natania. Mmoja alimsubiri mkandarasi nusu saa huku akimwomba Mama Zege maji ya kunywa.

"Mume wangu," alikuwa akiniambia, "kazi zetu zinafanana, ila wewe ukikosea unafumua. Mimi nikikosea watu wanafukuliwa."

Ndiyo maana hakukubali kuzungumza kazi na mtu kabla yeye mwenyewe hajahakikiwa. Ndiye aliyelazimisha. "Kabla hujaniuliza nitaanza lini, niulize mimi ni nani. Toa simu. Tuma namba hii bodi." Mteja anatuma, wanasubiri, jibu linakuja, naye anamtaka alisome kwa sauti: jina, daraja la kazi anazoruhusiwa, tarehe ya mwisho, na mwishoni neno moja, HAI, au IMESIMAMISHWA, au IMEFUTWA. Kisha anainua kadi yake ya leseni kando ya uso. "Sasa tazama picha, unitazame na mimi. Tunafanana?"

"Wa kwenye picha kakonda," mteja mmoja alimjibu.

"Huyo alikuwa hajaolewa na fundi cherehani. Huyu wa sasa anapanuliwa nguo bure."

Mazishi yalipita, wageni wakaondoka, viti vya kuazima vikarudi kwa wenyewe. Asubuhi moja niko kwenye cherehani, nashona sare za shule, sijui nini kikanituma nikachukua simu yangu nikatuma ile namba. Jibu likaja papo hapo. Jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake. NYUMBA ZA MAKAZI ZISIZO NA GHOROFA. Tarehe ya mwisho, ambayo ilikuwa bado mbali. Na chini kabisa: HAI.

Nililisoma nimesimama. Kesho yake nikatuma tena, nikasema labda jana walikosea. Keshokutwa pia. Kuna watu huanza siku kwa sala, wengine kwa redio. Mimi nilianza kwa kuihakiki leseni ya marehemu. Mashine ya bodi ilikuwa kiumbe pekee duniani kilichonipa habari nilizozitaka, wala haikuchoka kunijibu, kinyume na ndugu.

Na simu yake nikaendelea kuichaji na kuipokea. Nikawa bingwa. "Mkandarasi yupo?" Hayupo. "Yuko kazini?" Yuko mbali kidogo. "Nipige jioni?" Piga tu, lakini sidhani. Hakuna hata mara moja niliyosema uongo. Hapo ndipo nilipojidanganya: kila neno lilikuwa kweli, na kila aliyekata simu alikata akiamini mke wangu yuko mahali fulani anapiga kelele juu ya kokoto chafu.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Huyu ni mdogo wake mke wangu, fundi mwashi, tumbo moja na yeye ila si subira moja. Wanamwita Chapchap. Alikuwa msimamizi wake wa kazi kwa miaka, na ukuta wake ni mzuri, hilo sitamnyima. Lakini mtihani wa bodi hakuwahi kuufanya. Dada yake akimsukuma, alikuwa akijibu, "Leseni ya nini, dada, na wewe unayo? Nyumba moja inahitaji majogoo mangapi?"

Chapchap alikuja siku moja akaniomba kibao cha dada yake, kile cha bati chenye jina na namba ya leseni na namba ya simu, alichokuwa akikisimamisha mbele ya kila nyumba aliyojenga. "Nakihitaji kazini, shemeji." Mimi nikadhani anataka ukumbusho. Wa kusimamisha pale ambapo mafundi wanakula, labda. Nilikipangusa vumbi kwa kipande cha sare, nikamkabidhi kwa mikono miwili, machozi yakinilenga. Angalia akili ya mtu aliyesoma mpaka sekondari.

Baada ya hapo kukawa na sauti moja ya mama mtu mzima iliyopiga mara kwa mara. Mkandarasi yupo? Hayupo. Kesho yake tena. Hakuwa na hasira, ila alikuwa na namna ya kunyamaza baada ya jibu langu, kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo.

Halafu akaja mwenyewe dukani, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mama, karibu ndani."

Alikuwa amevaa raba nyeupe na kushika mwavuli uliofungwa. Akakaa, nikampa chai, akaangalia mashati yaliyotundikwa, akaniangalia mimi. "Mimi ni mkunga," alisema, "nimestaafu. Naongeza ghorofa juu ya nyumba yangu. Binti yangu anarudi na wanawe, watakaa juu, mimi chini. Nimekupigia mpaka umenichoka."

"Hapana, mama, sijakuchoka."

"Mkandarasi yuko wapi?"

Mafundi cherehani tuna kinga moja ambayo watu wengine hawana: pini. Ukiulizwa usichotaka kujibu, unaziweka pini mdomoni unaanza kukunja upindo. Nikafanya hivyo. Nikachukua suruali ya mtu, nikaanza kuikunja, na nikamjibu kwa kichwa.

Yeye akaendelea kana kwamba tunazungumza. "Pale nyumbani kwangu kuna kibao chenye jina la mwanamke. Anayejenga ana ndevu. Nikamuuliza, mkandarasi yuko wapi? Akaniambia, dada yupo, anatusimamia kwa mbali."

Pini moja nusura niimeze.

"Wajukuu zangu hawatalala juu ya maneno ya mtu. Nikatuma namba ya kibao bodi. Jibu hili hapa." Akanyoosha simu. "Macho yangu ya karibu yamechoka. Nisomee."

Nikazitoa pini, nikamsomea jina, la baba, la babu, nyumba za makazi zisizo na ghorofa, tarehe ya mwisho, hai.

"Baba," akasema, "simu bado ninayo mimi, na hujaitazama."

Kweli alikuwa nayo. Nikarudisha pini mdomoni.

"Basi nisaidie. Imeandikwa zisizo na ghorofa, na mimi napandisha ghorofa. Hilo la kwanza. La pili, leseni iko hai, nimesikia. Mwenyewe je?"

"Hayupo," nikasema kwa pembe ya mdomo.

"Hayupo wapi?"

"Hayupo tu."

Mkunga akaweka kikombe cha chai chini. "Mimi nimeandika daftari la wodi ujana wangu wote. Kuna safu ya waliozaliwa na safu ya waliofariki. Safu ya 'hayupo' sikuwahi kuiona." Akanyoosha kiganja mbele ya uso wangu. "Tema."

Na mimi, mwanamume mwenye mvi, mwenye duka lake, nikatema pini kwenye kiganja cha mgeni, moja baada ya nyingine.

"Amekufa," nikasema.

Sikusema amefariki, wala ametutoka, wala ametangulia. Maneno yote ya heshima yalikuwepo na hakuna lililokuja. Nilisema amekufa, vile ninavyomwambia mteja kwamba zipu imekufa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulisema kwa sauti. Hata msibani waliokuwa wakilisema ni wengine, mimi nikiitikia.

"Pole sana, baba," akasema mkunga. Akazichomeka pini kwenye kifuko changu cha pini, taratibu, zote zikielekea upande mmoja. Akaniacha nipenge kamasi kwenye kitambaa cha sare ya watu. Kisha akasema, kwa upole uleule, "Zege la sakafu ya juu linamwagwa kesho."

Nikasimama. Niligundua nje kwamba nimevaa kandambili mbili za miguu ya kushoto, moja yangu na moja ya marehemu, lakini mkunga alikuwa ameshatangulia na mwavuli wake, na sikutaka kumwambia asubiri.

Kibao kilikuwa mbele ya nyumba, kimesimama wima, na kimepakwa rangi mpya pembeni. Juu ya mbao Chapchap alikuwa akifunga nondo na vijana wake. Akatuona.

"Shemeji! Umekuja kupima mapazia na kuta bado?"

Wakacheka wote huko juu. Mimi ndiye kichekesho cha kila mahali penye saruji, nimezoea.

"Nimekuja kuchukua kibao," nikasema.

"Kibao gani?"

"Cha marehemu."

Kelele za nyundo zikaisha. Chapchap akashuka kwa ngazi, safari hii polepole. Alipofika chini akaitazama miguu yangu, akaiona ile kandambili ya dada yake, na mzaha ukamtoka usoni.

"Umemwambia mama huyu kwamba dada anasimamia kwa mbali," nikasema.

"Sasa uongo uko wapi? Nikipanga tofali namsikia. 'Chapchap, hiyo imelala. Chapchap, toa, rudia.' Wewe humsikii?"

"Namsikia."

"Haya."

"Bodi haimsikii. Na hata kama angekuwepo, ghorofa hakuruhusiwa. Aligomea kazi ngapi za ghorofa, ukanung'unika wewe?"

"Shemeji, kazi naijua. Nimeishika tangu mtoto."

Na ni kweli anaijua. Nikashika tepu yangu shingoni, kama kawaida yangu nikikwama, na tepu ikanisaidia. Nikamgeukia mkunga. "Mama, mimi najua kushona. Nimeshona tangu kijana, mshono wangu haufumuki. Ungeniruhusu wodini kwako nimshone mzazi?"

"Ningekufukuza na sindano yako," akasema mkunga.

Kijana mmoja juu ya mbao akaangua kicheko, akakizima. Chapchap akasugua ndevu.

"Iko hai lakini," akasema, sauti imeshuka. "Leseni. Nimeangalia mwenyewe. Iko hai, shemeji."

"Najua iko hai."

"Basi inakuwaje?"

Nikaking'oa kibao. Yaani nilijaribu kuking'oa. Nilikivuta, nikakitikisa, nikakikumbatia, kikakataa, maana Chapchap akichomeka nguzo imechomeka. Mwisho akaniondoa kwa bega, akaking'oa yeye mwenyewe kwa mkono mmoja, akakipangusa udongo kwa shati lake, akakishika kifuani. Mkunga akawaambia vijana washuke wanywe maji, kesho hakuna zege.

Tulienda bodi wote watatu. Tulisimama kwenye dirisha, na nyuma ya kioo alikuwa karani wa kike mwenye kucha ndefu zinazogonga kibodi kama mvua ya mawe.

"Nataka kufuta leseni," nikasema.

"Ya kwako?"

"Ya mke wangu."

"Aje mwenyewe na kitambulisho. Kufuta, mwenye leseni lazima aje mwenyewe."

Nikafungua mdomo. Na nawaapia, neno lililokuja mbele, baada ya yote yale, lilikuwa hayupo. Nikalirudisha.

Chapchap akainama kwenye kitundu cha kioo. "Dada, akija mwenyewe, wewe utabaki hapo kwenye kiti?"

Karani akamtazama. Akanitazama mimi, akaona tepu, akaona uso. "Ohoo," akasema. "Jamani. Poleni."

"Amefariki," nikasema. Mara ya pili ilitoka na adabu kidogo.

Nikampa cheti cha kifo. Karani akaandika ile namba, akasubiri, akakunja uso. "Lo! Marehemu alikuwa na soko! Hii namba inahakikiwa kila asubuhi ya Mungu."

Nikakohoa.

"Tena na simu mbili," akasema karani. "Kila siku ni hizi hizi mbili. Wateja gani hawa?"

Nikageuka kumtazama Chapchap. Chapchap alikuwa akitazama dari, kwa makini kabisa, kama mtu anayetafuta ufa. Ndevu zilikuwa zinatetemeka.

"Ni wa nyumbani," nikamwambia karani.

Mkunga alikuwa nyuma yetu na mwavuli wake. Nilimsikia akivuta pumzi puani.

"Sawa," akasema karani. "Ni vizuri mmekuja. Zikibaki hai hivi, watu wanazifanyia biashara. Jina la mtu linajenga nyumba miaka na mwenyewe kaburini, na ukuta ukianguka anatafutwa yeye. Nibonyeze?"

"Ngoja kidogo, mwanangu."

Nikatoa simu, nikatuma namba. Nikakosea tarakimu moja, ikajibu kwamba leseni hiyo haitambuliki, na karani akaangalia saa yake. Nikatuma tena. Jina lake, la baba, la babu. Hai. Nikamwonyesha Chapchap. Akasoma mpaka mwisho, midomo ikicheza, akaitikia kwa kichwa.

"Bonyeza," nikasema.

Akabonyeza kwa ukucha mmoja. Haikutoa hata mlio. Halafu akamwuliza Chapchap kama naye ana shida, na Chapchap akasema, huku bado akitazama dari, kwamba anataka kujua mtihani ni lini.

Mkunga amepata mkandarasi mwingine, wa daraja la ghorofa. Alimhakiki mbele yangu, hapa dukani, maana anasema taa yangu ni nzuri. Alituma namba, akasoma jina, akasoma daraja, akasoma tarehe, akamwambia ainue kadi kando ya uso, kisha akamshika kidevu akamgeuza kwenye mwanga kama anatafuta manjano ya mtoto mchanga. Bado hakuridhika. Alikwenda kwenye nyumba aliyoijenga, akamwuliza mwenye nyumba kama panavuja. Yule mkandarasi aliniambia hata posa yake haikuwa ngumu vile.

Chapchap anafanya kazi pale kama mwashi, chini ya leseni ya huyo bwana. Jioni anakuja dukani anasoma kwa sauti, kwa hiyo na mimi sasa najua zege hufunikwa vipi kwenye jua kali, elimu ambayo bado sijaona pa kuitumia kwenye kola za mashati. Akikosea namwambia, "Fumua." Kibao kiko chini ya meza ya kukatia, jina likitazama juu. Ukutani jikoni bado pameandikwa NONDO ZIMEFIKA. Nimejaribu kupafuta, nikaishia kupafuta pembeni.

Ukituma ile namba sasa, jibu ni IMEFUTWA. Simu yake naichaji kila siku, iko mezani kando ya mkasi. Ikiita napokea, na wakiuliza kama mkandarasi yupo, nasema amefariki.